Lini uhamie nyumba ndogo uzeeni: namna ya kupima na kuamua kabla shida haijakuamulia

Uamuzi wa kuhamia nyumba ndogo mara nyingi hufanywa wakati mbaya kuliko wote. Mtu amevunjika nyonga, yuko kitandani, daktari amekataza ngazi, na watoto wanajadiliana sebuleni nyumba iuzwe lini. Hapo mwenye nyumba hana tena sauti: mtaa anachaguliwa, chumba anachaguliwa, hata vyombo vyake vinapangwa na mkono wa mwingine. Kuhama miaka miwili mitatu kabla ya hapo ni jambo tofauti kabisa, kwa sababu mtu bado ana nguvu za kuchagua, za kubishana na dalali, na za kuzizoea njia za mtaa mpya mpaka azijue hata gizani.

Umri peke yake hausemi kitu. Yupo wa miaka 82 anayeimudu nyumba ya ghorofa, na yupo wa miaka 63 ambaye nyumba ilishamshinda. Yanayosema kweli ni vyumba unavyovitumia, namna mwili wako unavyokwenda ndani ya nyumba hiyo, na fedha inayomezwa na jengo. Yote hayo yanapimika kwa karatasi, saa na futi ya kupimia, na kazi nzima huchukua kama wiki nne.

Vyumba: wiki nne za alama

Bandika karatasi kwenye kila mlango, pamoja na stoo, roshani na chumba cha wageni. Kila unapoingia, andika herufi moja ya sababu: K kwa kukaa au kulala, T kwa kazi kama kupika au kufua, S kwa kufanya usafi, C kwa kuchukua kitu tu na kutoka. Kila mtu wa nyumbani afanye hivyo kwa siku 28. Mwishoni hesabu K na T peke yake. Chumba chenye S na C tu hukitumii, unakitumikia.

Chagua mwezi wa kawaida. Mwezi wa likizo, wa sikukuu au wa msiba hudanganya, kwa kuwa nyumba hujaa watu ambao wiki inayofuata hawapo.

Chumba cha wageni kihesabu kwa usiku. Kumbuka mwaka uliopita ni usiku ngapi mtu alilala humo. Zikiwa 10, chumba kimekaa bure usiku 355, na umelipia paa lake na rangi yake mwaka mzima. Kochi la kukunjua sebuleni linatosha kwa usiku 10. Zikifika 60, mgeni huyo ni mtu wa kaya, na nyumba mpya lazima imtengee nafasi.

Mwili: pima ndani ya nyumba yako mwenyewe

Kuna kipimo rahisi ambacho wataalamu wa afya ya wazee hukitumia. Weka kiti cha kawaida chenye mgongo, kisha bandika alama sakafuni mita 3 mbele yake. Mtu anakaa ameegemea, anaambiwa aanze, anasimama, anatembea mwendo wake wa kila siku hadi kwenye alama, anageuka, anarudi na kukaa. Avae viatu anavyovaa kila siku, na kama hutumia fimbo aitumie. Msaidizi asimame karibu naye, ashike saa. Sekunde 12 au zaidi ni dalili kwamba hatari ya kuanguka imeongezeka. Rudia kila baada ya miezi 6 na uandike matokeo kwenye daftari lilelile. Mtu aliyekuwa na sekunde 8, kisha 9.5, kisha 11, anaambiwa jambo muhimu ingawa bado hajafika 12.

Kwenye ngazi, panda ukiwa umebeba kitu cha kilo 5 hivi, kwa mfano beseni la nguo, kisha ushuke nacho. Kushuka ndiko kugumu zaidi. Angalia kama unaweka miguu yote miwili kwenye kidato kimoja kabla ya kwenda kingine, na kama mkono mmoja umeacha mzigo ili ushike ukuta. Halafu utazame ukuta wenyewe kwa mwanga wa pembeni, ukiweka tochi karibu kabisa na rangi: mahali ambapo mkono umekuwa ukiegemea panakuwa na doa refu la weusi au mng'ao, kwa usawa wa kiuno au kifua. Doa hilo lisipokuwepo upande wenye mhimili wa kushikia, likawa upande wa pili, maana yake mtu anashika pande zote mbili. Mwenyewe huenda hajui kwamba anafanya hivyo.

Chooni, kaa kisha usimame bila kuvuta sinki. Sinki halikufungwa ukutani ili libebe uzito wa mtu. Siku moja litang'oka na mtu ataanguka nalo. Kiti cha choo cha kimo cha sentimita 43 hadi 48 humfaa mtu mwenye magoti dhaifu. Kilicho chini ya hapo kinaweza kuinuliwa kwa kiti cha kuongezea, na hilo halihitaji kuhama. Usiku, tembea njia ya kutoka kitandani hadi chooni kama unavyoitembea kweli, taa ikiwa vile inavyokuwaga. Jicho la mtu wa miaka 60 huhitaji mwanga takriban mara tatu ya ule wa kijana wa miaka 20, kwa hiyo kijukwaa kidogo kati ya chumba na korido, ambacho mchana hukioni hata kukitaja, usiku ndicho kinachoangusha.

Matokeo yakiwa mabaya, usikimbilie kwa dalali. Nenda kwanza kwa daktari ukiwa na orodha ya dawa zako zote. Dawa za usingizi na baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu mtu anaposimama; mtoto wa jicho hufifisha vidato; misuli ya mapaja ikidhoofika huweza kurudishwa kwa mazoezi ya wiki kadhaa. Nyumba isiuzwe kwa sababu ya kidonge ambacho kingeweza kubadilishwa.

Fedha: hesabu ambayo watu huifanya nusu

Kusanya gharama za miezi 12: kodi ya jengo au ardhi, bima, umeme, maji, ulinzi, bustani, mtu wa usafi, mafundi. Hizo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni mambo makubwa yanayokuja: paa, nyaya za umeme, mabomba, rangi ya nje. Kwa kila moja, kadiria miaka iliyobaki kabla halijahitaji kubadilishwa na ugawanye gharama yake kwa miaka hiyo. Paa lililobakiza miaka 5 linakugharimu moja ya tano ya bei yake kila mwaka kuanzia leo, hata kama hakuna aliyekuletea bili. Jumla yote ikipita asilimia 30 ya kipato chako, nyumba imeanza kula sehemu ya chakula na matibabu. Wenye nyumba waliomaliza mkopo ndio hujidanganya zaidi hapa, kwa kuwa wanaona wanakaa bure.

Sasa faida ya kuhama. Chukua thamani ya nyumba ya sasa kuwa 100, na ile ndogo inauzwa 70. Wengi huona 30 mkononi. Toa gharama za kuuza, yaani dalali, wakili na kodi, tuseme 6. Ukarabati wa kuipendezesha kabla ya kuuza, 2. Gharama za kununua, 4. Marekebisho ya nyumba mpya, 3. Kuhama na samani zinazolingana na vyumba vidogo, 2. Zimeondoka 17, umebaki na 13. Weka viwango vya nchi yako mahali pa hivi vya mfano, lakini usiache mstari hata mmoja. Kama nyumba kubwa ilikula 3 kwa mwaka na ndogo inakula 1.8, unaokoa 1.2 kila mwaka, na kwa miaka 10 jumla inakuwa 25.

Badilisha namba moja tu: nyumba ndogo iwe 85, kwa sababu iko mahali pazuri na ni mpya. Hapo unamaliza ukiwa umepungukiwa 2, na itachukua kama miezi 20 ya kuokoa 1.2 kwa mwaka kabla hujarudi sifuri. Bado inaweza kuwa hatua njema kwa ajili ya mwili, ila usijiambie kwamba unahama kwa ajili ya fedha.

Anayetaka kuuza na kupanga afanye hesabu ya miaka. Akibaki na 92 baada ya gharama, na pango ni 5 kwa mwaka, gawanyo la haraka linasema miaka 18. Pango likipanda asilimia 5 kila mwaka na fedha ikakaa bila kuzaa, inaisha baada ya miaka 13 na ushee. Mwenye miaka 70 atakuwa na 83 tu. Kupanga kuna faida zake, hasa kwa asiyejua kama mtaa utamfaa, lakini fedha hiyo lazima iwekwe mahali inapozaa, na hesabu ifike angalau umri wa miaka 95.

Jambo moja tunalisisitiza kwa nguvu: fedha ya mauzo isigawiwe watoto mpaka miezi 12 ipite tangu kuhama. Mwaka wa kwanza ndio huonyesha gharama halisi za mahali papya. Fedha iliyokwisha kugawiwa hairudi bila ugomvi.

Nyumba lazima imfae kila mmoja peke yake

Mke na mume wanapotafuta, huitazama nyumba kama watu wawili: huyu anaendesha gari, yule anapika, huyu anajua habari za fundi, yule anakumbuka dawa. Kila nyumba mnayoifikiria iulizeni swali hili: akibaki mmoja, na akiwa ni yule asiyeendesha gari, ataweza kuishi hapa? Jibu likiwa hapana kwa mmoja wenu, nyumba hiyo itauzwa tena, na atakayeiuza atakuwa mfiwa.

Vivyo hivyo kwa kuhamia karibu na mtoto. Ni jambo jema, lakini mtoto naye ana kazi, ndoa na mipango yake. Anaweza kuhamishwa mwakani. Mahali pachaguliwe kwa namna ambayo pangekufaa hata mtoto asingekuwepo: duka, zahanati, nyumba ya ibada na usafiri ndani ya mwendo unaouweza. Usikisie mwendo huo. Utembee, saa mkononi, wakati wa joto na wakati wa mvua, na uangalie kama njiani kuna pa kukaa. Mita 400 zenye kilima ni safari tofauti na mita 400 za tambarare.

Andika dalili zako kabla hazijatokea

Huu ndio moyo wa kazi yote. Mtu aliye ndani ya shida huisogeza mipaka yake: akianguka mara moja husema ilikuwa bahati mbaya, akianguka mara ya pili husema zulia ndilo lililokuwa baya. Kwa hiyo mipaka iandikwe ukiwa mzima na mwenye utulivu, utie saini na tarehe, kisha nakala ipewe watu wawili unaowaamini, mmoja wao asiwe mrithi wa nyumba.

Karatasi iwe na sehemu mbili. Ya kwanza inasema: nitaanza kutafuta nyumba mambo mawili kati ya haya yakitokea ndani ya miezi 12. Mfano wa mambo hayo:

- kipimo cha kiti kimefika sekunde 12 mara mbili mfululizo, na daktari ameshaangalia dawa na macho;
- nimeanguka ndani ya nyumba, hata kama sikuumia;
- gharama zote za nyumba zimepita asilimia 30 ya kipato;
- ghorofa ya juu siipandi zaidi ya mara moja kwa wiki;
- nimeacha kuendesha gari na hakuna usafiri ninaoufikia kwa miguu;
- kazi ndogo kama balbu iliyoungua au mfereji unaovuja zimekaa miezi 3 bila kufanywa.

La mwisho hilo watu hulidharau. Balbu ya ngazi iliyoungua inayokaa miezi mitatu haikai kwa uvivu. Mara nyingi ni kwamba mwenye nyumba haamini tena kupanda juu ya kiti, na anaona aibu kumwita mtu kwa kazi ndogo kama hiyo.

Sehemu ya pili ni fupi zaidi: nitahama bila mjadala mpya ikiwa nimeanguka mara mbili kwa mwaka nikaumia, au siwezi kufika chooni peke yangu usiku, au mmoja wetu anahitaji kuogeshwa na bafu letu haliingii watu wawili. Ukiifika hatua hiyo ukiwa ulishaanza kutafuta, unahama kwa mpangilio. Ukiifika bila ya kwanza, unahamishwa.

Nyakati ambazo si za kuamua

Baada ya kufiwa na mwenzi, subiri kama mwaka mmoja ikiwa usalama na fedha vinaruhusu. Miezi ya mwanzo nyumba inauma kwa ukimya wake na mtu hutaka kuikimbia. Mwaka ukipita huweza kukuta kwamba majirani wa hapo ndio waliomshika mkono. Kuhama mwezi uleule wa kustaafu nako hakufai, kwa kuwa hujui bado siku zako zitakuwa na umbo gani. Wala usiamue ukiwa wodini.

Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, muda unakwenda kinyume. Akihama mapema, angali anajifunza njia mpya, atazoea. Akihama ugonjwa ukiwa umekomaa, atatafuta mlango wa choo ulipokuwa katika nyumba ya zamani, na kuchanganyikiwa kutaongezeka, pengine kwa wiki nyingi. Kama hakuna budi, kitanda kiwekwe kwa mkao uleule, upande uleule wa kushukia, taa na saa zilezile zikiwa mahali palepale ukilinganisha na mto.

Jaribu nyumba ndogo ndani ya nyumba kubwa

Kabla hujauza chochote, ishi siku 90 katika sehemu ya nyumba inayolingana na ile unayoifikiria. Futi mkononi, pima vyumba vitakavyokuwepo, kisha funga vingine kwa ufunguo. Hamishia kitanda chini kama nyumba mpya haina ghorofa. Kila kitu unachokwenda kukichukua kwenye vyumba vilivyofungwa kiandike. Orodha hiyo ya siku 90 ndiyo orodha halisi ya vitu unavyovihitaji, na kwa kawaida ni fupi kuliko ungeidhani.

Jaribio hili lina faida nyingine: wapo watakaogundua kwamba hawahitaji kuhama kabisa. Kufunga ghorofa ya juu, au kuitenganisha kwa mlango wake na kuipangisha, pamoja na bafu moja la chini lililorekebishwa, huweza kuleta utulivu uleule kwa gharama ndogo. Upande wa pili, kama siku ya 20 umeshaanza kugombana na mwenzio kwa sababu hakuna pa kujitenga, basi nyumba ya chumba kimoja haiwafai, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Mtaa nao ujaribiwe. Panga hapo kwa mwezi mmoja ikiwezekana. Sikiliza usiku.

Nini cha kupima katika nyumba mpya

Nenda na futi, kalamu na mtu wa pili. Upana wa mlango unapimwa ukiwa umefunguliwa wazi, kutoka uso wa mlango hadi ubavu wa fremu ya pili, si fremu kwa fremu. Sentimita 80 za wazi ni kiwango cha chini cha kiti cha magurudumu kupita bila kukwaruza vidole vya mtu. Korido iwe 90 au zaidi. Bafuni, chumbani na jikoni tafuta mahali penye duara la sentimita 150 bila kitu, ndipo kiti kigeuke. Pengine hutakihitaji kiti hicho maisha yako yote, ila fremu ya kutembelea na mtu anayekushika mkono navyo vinataka nafasi hiyohiyo.

Kizingiti kisizidi sentimita 1.3. Palipo na kupanda, mteremko uwe wa 1 kwa 12: kimo cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wenye urefu wa sentimita 180. Uliza kama mahali pa kuujenga papo. Mteremko mfupi wenye kuinuka kwa kasi ni hatari kuliko ngazi mbili zenye mhimili mzuri.

Bafuni ndiko pa kukaa muda mrefu zaidi. Mlango ufunguke kwa nje au uwe wa kuteleza ubavuni, kwa sababu mtu akianguka ndani nyuma ya mlango unaofungukia kwake, mwili wake wenyewe unaufunga na waokoaji hawaingii. Sakafu ya kuogea isiwe na ukingo wa kuvuka. Gonga ukuta kando ya choo na mahali pa kuogea usikilize: tofali hutoa sauti nzito, ubao mwembamba hutoa sauti tupu. Vishikio vya chuma, kwa kimo cha sentimita 85 hadi 90, vinahitaji ukuta imara au ubao mzito uliofungwa nyuma yake. Kishikio kilichotiwa skrubu kwenye ubao mwembamba peke yake kinatoka siku kinapohitajika. Kishikio cha taulo hakihesabiki.

Swichi ziwe kati ya sentimita 90 na 120 kutoka sakafuni, na soketi zisiwe chini ya 45, ili mtu asiiname. Nyumba ya ghorofani yenye lifti moja uiogope kidogo: waulize wakazi, usimuulize muuzaji, iliharibika mara ngapi mwaka huu na ilichukua siku ngapi kutengenezwa. Uliza pia ada ya pamoja ya jengo ilikuwa kiasi gani miaka mitatu iliyopita na ni kiasi gani sasa, na kama kuna akiba ya matengenezo makubwa. Jengo lisilo na akiba litakudai fedha ya paa siku usiyotarajia, na akiba uliyopata kwa kuhama itaishia hapo.

Kuhusu idadi ya vyumba, ushauri wetu ni chumba kimoja cha kulala na kingine kidogo, hata kama bajeti inabana. Chumba hicho kidogo ni cha mwenzi anayekohoa usiku, cha mtoto anayekuja kuuguza, na baadaye cha msaidizi wa kulala humo. Waliobana mno hulazimika kuhama tena mara tu huduma ya usiku inapohitajika.

Samani zijaribiwe kwenye karatasi. Chora vyumba vya nyumba mpya kwa kipimo cha 1 kwa 50, yaani mita moja ni sentimita 2. Kata vipande vya karatasi kwa vipimo vya samani zako: kitanda cha 150 kwa 190 kinakuwa 3 kwa 3.8. Acha sentimita 90 za kupita upande unaoshukia, na 75 nyuma ya kila kiti cha meza ili kivutwe. Kisichoingia kwenye karatasi hakitaingia chumbani. Kabati kubwa la urithi ndilo hugombaniwa zaidi, nalo ndilo mara nyingi haliingii hata mlangoni.

Karatasi za kisheria

Hati iko kwa jina la nani? Ikiwa bado iko kwa jina la marehemu, mirathi lazima ikamilike kwanza, na hilo huweza kuchukua miezi mingi kuliko uuzaji wenyewe. Nchi nyingi huhitaji ridhaa ya mwenzi hata kama jina lake halimo. Toa mamlaka ya uwakili, yaani ruhusa ya maandishi ya kutenda kwa niaba yako, kwa mtu unayemwamini ukiwa na akili timamu. Akili ikishapungua njia hiyo hufungwa, na familia hulazimika kwenda mahakamani. Wosia nao ubadilishwe. Wosia unaosema nyumba fulani apewe fulani, na nyumba hiyo imeshauzwa, huweza kumwacha mtu huyo bila kitu na ndugu zake wakiwa na ugomvi.

Ikiwa wewe ndiye mtoto unayesoma haya kwa ajili ya mama au baba, usianze na neno kuuza. Mwombe mfanye pamoja zoezi la karatasi za milangoni, na umwache yeye aseme kilichoonekana. Ndugu wote waambiwe siku moja, mbele ya mzee, kwa maneno yaleyale. Atakayesikia kwa mlango wa nyuma ndiye atakayepinga.

Mpangilio wa muda

Jipe miezi 9 hadi 12 kuanzia siku ya kuamua. Miezi minne ya mwanzo ni ya vitu. Anza na visivyo na machozi: stoo, sufuria zilizorudufu, makopo ya rangi, vifaa vilivyokufa. Picha na barua ziwe za mwisho kabisa. Anayezianza hukaa nazo jioni nzima na hakuna kisanduku kilichojaa. Saa mbili kwa kikao zinatosha, kwa sababu baada ya hapo mtu huanza kubakiza kila kitu kwa uchovu. Kitu cha kumpa mtu mpe sasa akichukue, na tarehe ya mwisho iandikwe. Kukodi stoo ya kuhifadhia vitu vya ziada hatukushauri, isipokuwa kwa miezi mitatu isiyoongezwa: ni kulipa pango la chumba ambacho ulishathibitisha hukitumii.

Mwezi wa tano na wa sita ni wa mthamini na ukarabati mdogo. Pata thamani kutoka kwa watu wawili au watatu wasiojuana. Katika kuuza kwanza au kununua kwanza, salama zaidi kwa mtu asiye na kipato cha kukopea ni kuuza kwanza na kukubaliana na mnunuzi akuachie miezi miwili au mitatu ya kukaa, kwa maandishi. Kununua kwanza humfanya mtu auze kwa haraka, na mnunuzi huijua haraka hiyo.

Wiki ya kuhama, hati, vitambulisho, dawa za siku 14, miwani na vyeti vya hospitali visipande gari la mizigo. Vikae kwenye mkoba mmoja mkononi mwako. Chumba cha kwanza kupangwa ni cha kulala, na njia ya chooni iwekewe taa ya chini kabla ya usiku wa kwanza. Baada ya wiki sita, kaza upya skrubu za vishikio vyote, maana huweza kulegea, na urudie kipimo cha kiti cha mita 3 uandike namba yake kwenye daftari lilelile.